Kinu Kisicho na Mchi

4 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi, na mama? Magoti ya mama yakoje? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyomtumia si pambo la kabati, aipake. Sisi huku wazima. Mpwa wako ameingia darasa la nne na meno yake ya mbele yameota yote, sasa anacheka bila kuziba mdomo. Mimi bado nafua mashuka pale nyumba ya wageni. Wiki hii tulipata mashuka ya harusi nzima, vidole vyangu vimekunjamana hadi siwezi kushika sindano.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu mbovu. Jambo lenyewe ni hili. Nataka kuuza vitu vyote vya nyumba hii, isipokuwa kitanda. Shemeji yako yuko machimboni anapasua mawe, na mkataba wake unakwisha tarehe ishirini Juni. Siku hiyo nataka mimi na mpwa wako tuwe ndani ya basi, tena basi lililokwisha kwenda mbali. Hela ya vitu hivi ndiyo nauli yetu na ndiyo kodi ya chumba huko mbele. Sina nyingine. Sababu usiniulize.

Ninachotaka kwako ni bei. Wewe si ndiye Bei Moja, muuza vitu vilivyotumika ambaye soko zima linakuogopa kwa kutopunguza hata ndururu? Basi nisaidie. Hapa kila anayeingia ananiona mjinga. Jana kinyozi wa pale kona aliitaka pasi yangu kwa bei ya kunyoa vichwa viwili, na akadhani ananifanyia hisani.

Nijibu upesi. Siku zinakimbia.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu Mbishi,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na moja, nadhani ilikuja kwa miguu. Magoti ya mama yanamuuma asubuhi na yanapona akisikia kuna sherehe. Wifi yako anakusalimu. Amenenepa, lakini usije ukamwambia nimesema mimi.

Huku sokoni juzi damu imemwagika, na nakusimulia kwa sababu inahusu swali lako. Jirani yangu wa kibanda cha pili anauza majiko ya gesi. Aliuza jiko lenye bomba lililopasuka, ufa ameuziba kwa sabuni na kupaka rangi juu. Mke wa mnunuzi akawasha kiberiti, moto ukamla nyusi na shavu zima la kushoto. Mume akaja na nondo, saa nne ya asubuhi, watu wamejaa. Hakusalimu mtu. Alimpiga yule muuza majiko taya likahama, akaanguka, akampiga akiwa chini mpaka nondo ikaanza kuteleza mkononi. Jino moja nililiokota ndani ya kikombe cha seti niliyokuwa nauza. Kikombe nimekiosha, lakini mnunuzi nilimwambia, na nikampunguzia.

Ndiyo maana mimi nina kanuni zangu, na hakuna aliyewahi kunirudia na nondo. Sikiliza. Uliza dukani kitu kipya ni bei gani leo, kata nusu. Kikiwa kimepita miaka mitano, kata tena robo. Kila ubovu utoe gharama ya fundi. Mapenzi yako kwa hicho kitu hayana bei, yaweke pembeni. Kisha chukua karatasi, andika ubovu wote na chanzo chake, bandika juu ya kitu. Chanzo ndicho watu wanachokificha, na ndicho muhimu. Kiti kilichovunjwa na mtu mnene ni kiti kizuri. Kiti kilichovunjika chenyewe kina wadudu. Mnunuzi aisome karatasi kwa sauti mbele yako kabla hajatoa hela, ili kesho asiseme hakujua.

Niandikie orodha, ubovu na vyanzo, nikupangie bei. Na nina maswali mawili. Simu imekuwaje? Na shemeji anajua? Kuuza vitu vya mtu nyuma ya mgongo wake si haki, hata kama ni mume.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia mama anapona kwa sherehe. Mpwa wako amepata alama za juu katika hesabu, anasema ametoka kwako. Mvua imeanza huku, mashuka hayakauki, mwenye nyumba ya wageni anatufokea sisi kana kwamba mawingu ni yetu.

Shemeji yako hajui. Lakini haki yake nimeilinda. Kila ninachouza nimekinunua kwa mshahara wa kufua, na risiti ninazo ndani ya kopo la unga. Alichonunua yeye ni kitanda. Kitanda atakikuta, tena nimekitandika.

Orodha ni hii. Kigoda cha kukalia jikoni, ubao wa juu umepasuka katikati. Chanzo: kilianguka. Sufuria kubwa ya watu ishirini, imebonyea tumboni. Chanzo: ilianguka. Kabati la vyombo, vioo viwili vya mlango havipo. Chanzo: vilianguka. Pasi ya mkaa, ncha imepinda. Chanzo: ilianguka. Simu, kioo kimesagika, haiwaki. Chanzo: ilianguka. Kinu kizima, mti mgumu, miaka kumi na moja, hakina mchi.

Nyumba hii vitu vinaanguka sana, kaka. Nipangie bei.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, wifi yako mzima. Yule muuza majiko ametoka hospitali, anakula uji kwa mrija.

Bei nimeziandika nyuma ya karatasi hii, kasoro mbili au tatu ambazo siwezi kuzipanga. Nisikilize, na usikasirike. Nimeshika pasi za mkaa kwa miaka ishirini. Pasi ikianguka huvunjika mpini au hufyatuka komeo. Ncha haipindi kwa kuanguka, ncha hupinda kwa kurushwa ikakutana na ukuta. Kigoda kikianguka huumia miguu. Chako miguu mizima, umeumia ubao wa juu, na ubao wa juu haupasuki hivyo mpaka kigoda kishikwe miguu kikapigwa juu ya kitu. Sufuria hubonyea ukingo. Yako imebonyea tumboni. Na vioo vya kabati lililosimama wima vinaangukaje, tena viwili, tena vya usawa wa kichwa?

Chanzo ulichoandika si cha kweli, na bei iliyojengwa juu ya uongo ni wizi. Nakuomba kama mfanyabiashara, andika vyanzo upya.

Na mchi uko wapi? Kinu bila mchi ni nusu ya bei. Mchi haupotei kama sindano. Utafute.

Kaka yako


28 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mpwa wako mzima, mimi mzima, mvua inaendelea. Salamu zimekwisha.

Umeniomba kama mfanyabiashara, ningependa ungeniomba kama kaka, lakini nakujibu hivyo hivyo.

Kigoda. Maji ya kuoga yalikuwa ya baridi. Shemeji yako alikishika miguu, kama ulivyosema, na kitu alichokipigia kilikuwa mgongo wangu. Nilikojoa damu siku tatu. Sufuria. Ilikuwa tupu, nashukuru. Kichwani, upande wa kulia, nyuzi saba. Kabati. Vioo viwili vilivunjwa na uso wangu, kimoja kimoja. Kipande kilichobaki juu ya jicho mpwa wako alikitoa kwa kibanio cha nyusi, akiwa na miaka minane, na mkono wake haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kioo, kwamba mkono haukutetemeka. Pasi. Ilikuwa na makaa yanayowaka ndani. Hakunirushia mimi. Alimrushia binti yangu, kwa sababu alicheka. Ilimkosa kwa kiganja kimoja ikapiga ukuta, na makaa yakamwagika miguuni pake. Siku hiyo ndiyo niliyoamua. Simu. Nilikuwa nakupigia wewe. Iliita mara mbili.

Haya, vyanzo hivyo.

Tena nimefuata kanuni yako yote. Nimeandika karatasi, neno kwa neno, nimebandika, na kila anayekuja anasoma kwa sauti. Sikutegemea itakavyokuwa. Mama mshonaji wa mlango wa pili alisoma ya kigoda, akasoma tena, akalipa bei ya kigoda kipya. Nilimwambia Bei Moja anasema nusu. Akasema huyo Bei Moja hakukaa ukuta mmoja na mimi akisikiliza. Kinyozi alisoma ya pasi, akasahau kubishana bei. Mke wa fundi baruti alinunua sufuria, na karatasi akaikunja akaondoka nayo, akasema atalala nayo chini ya mto. Kabati limekwenda. Mtaa mzima sasa unanisalimia kwa sauti ya chini kama nimefiwa. Nimechoka kuonewa huruma, lakini nauli imetimia, na kodi imebaki kidogo.

Kilichobaki ni kinu. Mchi usiniulize. Upo.

Sasa na mimi nina swali la biashara. Miaka sita iliyopita nilikuja kwako na sikio linachuruzika damu. Siku ya tatu shemeji yako alifika na baiskeli, akakupa. Ukaniambia ndoa ni kuvumiliana. Ukanibebea begi langu hadi stendi, kwenye keria ya baiskeli hiyo hiyo, na ulikuwa unapiga mluzi. Nasikia baadaye uliiuza. Karatasi yake uliandika chanzo gani?

Mdogo wako


10 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa. Mchana huo mteja alikuja kubishana bei ya pasi. Bei ya pasi tu. Nilimkaba nikambamiza kwenye rafu mpaka vikombe vikamwagika juu yetu, na watu wanne ndio walionitoa. Sijawahi kumgusa mteja maishani mwangu.

Bandua karatasi zote leo hii. Kanuni yangu niliitunga kwa vitu vya watu wasionihusu, na mjinga ni mimi niliyekupa bila kuuliza kwanza. Fundi baruti anafanya kazi wapi, kama si machimbo yale yale? Mkewe anayo karatasi mkononi. Unadhani itakaa chini ya mto mpaka Juni? Acha kinu, acha kila kitu. Nauli imo ndani ya bahasha hii, nimempa dereva wa basi la mizigo akaitie posta ya mbele ili iwahi. Njooni.

Mambo ya baiskeli ni ya zamani, tutaongea ukifika.

Kaka yako


19 Mei

Kaka,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una plasta. Mpwa wako hana hata mchubuko, naanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Barua yako sijaipata bado, kama umeandika. Shemeji yako alifika Alhamisi, saa nane mchana, jua la kuchoma. Mimi nimetoka kazini ndiyo nimevua viatu. Alikuta nyumba nyeupe. Kitanda chake kipo, kimetandikwa, na kinu katikati ya sebule na karatasi yake. Aliisoma ile. Halafu akatoa nyingine mfukoni, imekunjwa mara nne, ya sufuria. Fundi baruti aliipata kwa mkewe alipokuja likizo, akaibeba hadi machimboni. Waliisoma wakati wa chakula cha mchana na wakamcheka. Wapasua mawe arobaini walimcheka, wakawa wanamuuliza sufuria ilimkosea nini. Hilo la kuchekwa ndilo lililomleta, si mimi.

Alisema, "Umeuza vyombo, na jina langu umeuza bei gani?"

Mpwa wako nilikwisha mfundisha. Akisikia sauti ile anatoka, haulizi, anakwenda kwa mshonaji. Alitoka. Mimi alinishika nywele akanipiga ukutani, akarudia. Nilijishika mlangoni, akaufunga mlango juu ya mkono wangu, akaufungua, akaufunga tena. Mfupa ulilia, nikausikia kwa tumbo. Lakini nilikuwa nimefika nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango ndipo mchi ulipokuwa, kaka. Ulikaa hapo tangu siku alipoondoka. Kila jioni nilikuwa naunyanyua mara ishirini kwa mkono wa kulia na ishirini kwa wa kushoto, mpwa wako akihesabu. Yeye alidhani ni mazoezi ya mgongo.

Nilimpiga begani, kwa kushoto. Ilitoa sauti ile ile ya kutwanga. Nikampiga goti akaenda chini. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilitaka pigo la tatu liwe kichwani. Alinivuta mguu nikaanguka, akanipanda, akanikaba koo kwa mkono wake mzima. Nilianza kuona giza la rangi ya zambarau.

Hapo kigoda kilirudi nyumbani. Mshonaji alikwisha kukipigilia ubao mpya, mzito, na alikuja nacho amekishika miguu. Alimpiga mgongoni, mahali pale pale, kana kwamba alipimiwa kwa futi yake ya kushonea. Nyuma yake kinyozi na pasi. Kinyozi yule mbahili, kaka, pasi mkononi, anamwambia, "Inuka ukione cha mtema kuni." Akainuka, akakiona, meno mawili yakaenda chini ya kitanda. Mwisho mke wa fundi baruti na sufuria, hata kuosha hajaiosha. Huyo ndiye aliyepiga kuliko wote. Alikuwa analia na kupiga, anasema, "Nisamehe, nisamehe," na mpaka leo sijui alikuwa ananiambia mimi au mumewe aliyeipeleka karatasi. Mimi ndiye niliyewaambia basi. Wasingeacha.

Askari alikuja akataka maelezo. Mshonaji akampa karatasi, kila mmoja akatoa ya kwake, ile ya sufuria tukaitoa mfukoni mwa mwenyewe. Askari alizisoma kwa sauti, mlangoni, mtaa mzima ukisikiliza. Alipofika ya pasi akasema na yeye ana binti.

Shemeji yako yuko wodini, mfupa wa bega umevunjika, na goti, na mbavu. Ana pingu kitandani. Wanasema atapona.

Swali langu la biashara hujalijibu.

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mkono unaendeleaje? Plasta isiloe maji, na kazi ya mashuka iache, hata wakikufokea. Wifi yako amelia siku mbili. Mama hajasema na mimi siku ya tisa leo, na nitakueleza kwa nini.

Niliiuza ile baiskeli kwa mlinzi wa ghala la nafaka. Karatasi niliandika hivi: "Ilikuwa ya mzee mmoja mtulivu, ilikaa ndani." Mimi, Bei Moja. Niliandika kwa mkono huu huu ninaokuandikia.

Nilimtafuta yule mlinzi. Bado anayo. Nilimlipa zaidi ya alivyonilipa, akaniona nimechanganyikiwa. Nikaileta kibandani, nikaiweka mbele, na karatasi nyingine juu yake. Nakunakilia kama ilivyo: "Baiskeli ya wanaume, imetumika. Ubovu: breki ya nyuma haishiki. Chanzo cha kuwa kwangu: nilipewa na mume wa mdogo wangu ili nimrudishe kwake. Mdogo wangu alikuwa anatoka damu sikioni. Nilimrudisha."

Kanuni ni kusoma kwa sauti, na wote wanaijua. Wa kwanza alisoma mpaka mwisho, akaiegemeza taratibu, akaenda zake. Wa pili ni mcheshi mmoja anayeuza viatu hapa sokoni, alianza kusoma kwa mbwembwe, akamalizia kwa sauti ya mtoto. Hakuna aliyeuliza bei. Siku ya tatu mama aliniletea chakula. Nilimwambia zamani kwamba baiskeli ile ni zawadi ya shemeji na wewe ulitaka mwenyewe kurudi. Mama hajui kusoma, unajua. Akamwomba mteja amsomee.

Alinichapa kwa bakora yake anayotembelea. Kichwani, shingoni, mikononi, mbele ya soko zima, mwanaume wa miaka arobaini na sita. Hakuna aliyemshika. Sikuinua mkono kujikinga, na nilipoona anapepesuka nilimshika kiuno asianguke, akaendelea kunichapa nikiwa nimemshika. Bakora ikavunjika. Alirudi nyumbani ameegemea ukuta, nyumba kwa nyumba, hakutaka bega langu.

Ile simu yako iliyoita mara mbili, mdogo wangu, niliisikia. Nilikuwa na mteja wa kitanda. Nikasema nitakupigia baadaye. Baadaye nilijua utalia, na mimi kulia kwako nilikwisha kulipwa nisikusikie. Hicho ndicho chanzo. Nilikuwa sitaki kukiandika.

Sokoni hawaniiti tena Bei Moja. Wananiita Baiskeli. Naitika.

Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, kina dirisha na komeo la ndani. Njooni nyumbani. Sijui nikuombe nini zaidi ya hapo.

Kaka yako


13 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hiyo shikamoo nimeifikiria siku mbili kabla ya kuiandika.

Mpe mama pole ya bakora. Mwambie nitamletea nyingine, na asiitumie yote kwako siku moja. Mpwa wako anaulizia kama mjomba Baiskeli ana kengele. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka neno, ana haki ya kujua anakwenda kulala kwa nani. Akauliza kama ulilia. Nikamwambia sijui, nitakuuliza.

Nauli yako ilifika tarehe ishirini na nne Mei, wiki moja baada ya plasta. Inarudi ndani ya bahasha hii. Vitu vyangu vimenitosha, kwa bei zako. Katika hilo hukunipunja hata ndururu, na nasema asante.

Tunakuja. Basi la tarehe ishirini, kama nilivyopanga tangu Machi. Barua hii nampa dereva wa basi la kesho, ikufikie kabla yetu. Lakini kile chumba, kabla sijaweka begi, ukibandikie karatasi mlangoni. Kimetumika hicho. Nililala humo siku tatu nikanyang'anywa chumba chenyewe. Andika ubovu wake na chanzo chake, nami nitasoma kwa sauti mbele yako, na wifi awepo, na mama awepo. Nikimaliza ndiyo nitasema kama naingia au natafuta kwingine. Hasira bado ninazo, kaka, sitaki kukuficha. Nyingine ni za shemeji yako na nyingine ni zako, na zako ndizo zinazoniamsha usingizini, kwa sababu yeye sikuwahi kumkimbilia.

Baiskeli usiiuze wala usiifiche. Iache hapo mbele na karatasi yake.

Askari amepita asubuhi. Shemeji yako anatoka wodini wiki ijayo, kwa dhamana, na kesi ni Agosti. Aliuliza wodini tutaishi wapi huko mbele. Hawakumwambia. Lakini baiskeli aliileta kwako yeye mwenyewe, kwa hiyo njia anaijua.

Kinu kimeuzwa leo. Dada yake mshonaji amekichukua. Alikizunguka, akakigonga, akasema mti mzuri, akauliza mchi uko wapi. Nikamwonyesha pale nyuma ya mlango, umefungwa pamoja na begi langu. Akaomba aongeze hela achukue vyote viwili, bei ya kinu kizima. Nilikataa, nikamkatia nusu kama ulivyonifundisha, nikamwambia asome kwanza karatasi ndiyo alipe. Akasoma:

"Kinu, mti mgumu, miaka kumi na moja. Ubovu: hakina mchi. Chanzo: mwenyewe bado anautumia."

Mdogo wako